Nambari Chini ya Bodi

Haionekani ukiwa umesimama.
Bentancor ananiambia hivyo tangu Jumatatu:
iko juu ya mhimili wa kushoto, upande wa usukani,
bodi imeilalia kama kuku anayeatamia,
na kuku huyu hainuki kwa kubembelezwa.

Basi tumefungua boliti nane. Ya tisa imekatika.
Tumeinua bodi kwa jeki mbili na gogo la mkalitusi,
vidole vinne tu, upenyo wa kupitisha mkono,
shavu limelala kwenye chuma.
Agosti, Sarandí Grande. Baridi ya ghala
inatoka sakafuni, inaingia mifupani bila hodi.

Kwanza mafuta ya taa. Kisha kitambaa. Kisha msasa,
"laini, binti, laini, ukikwangua kwa hasira
utafuta miaka tisini kwa dakika moja."
Kutu inatoka na rangi ya chai iliyokolea.
Chini ya kutu, nyeusi.
Chini ya nyeusi, kijani,
na gari la baba halijawahi kuwa la kijani.

Tochi haimulikwi usoni, anasema.
Ilaze ubavuni, kivuli kifanye kazi.
Nailaza, na chuma kinaanza kutamka:
nyota,
herufi yenye mguu mmoja mfupi,
mbili, saba,
halafu kitu. Tatu au nane?
"Tatu yao ina kichwa bapa. Nane ina kiuno."
Napitisha ukucha. Hakuna kiuno.
Tatu. Sifuri.
Moja, imezama kuliko wenzake,
labda aliyeigonga alikuwa na njaa na kengele imelia.
Sita.
Nyota.

Kadi ya baba inasema mbili saba nane nne nne tisa.
Injini inakubaliana na kadi. Fremu inakataa.
Bentancor anafyonza chai chungu ya kibuyuni kwa mrija wa bati.
"Ya wizi," anasema. Anauona uso wangu.
"Au ya kununua. Fremu hubadilishwa."

Baba alikuwa na ndugu mmoja, Fermín,
na ndugu huyo alikuwa na gari la kijani,
na kati yao palikuwa na senyenge
iliyosogezwa hatua sita, na nani, hawakukubaliana kamwe.
Miaka kumi na tisa bila salamu.
Siku ya kumzika bibi walibeba jeneza moja,
huyu kulia, huyu kushoto, macho mbele.

Jioni nimempigia simu Irma, mjane wa ami.
Kadi anaitafuta. Nasikia droo,
nasikia vijiko, nasikia akikohoa.
Mbili, anasoma. Saba. Tatu.
Ananyamaza, anabadilisha miwani.
Sifuri, moja, sita.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji;
grisi hawakuitaja.
Maana fremu haibebwi na mtu mmoja.
Yupo aliyeshika mbele na aliyeshika nyuma,
aliyesema "inua" na aliyejibu "tayari,"
usiku, taa ya uani imezimwa,
mwaka ule mafuriko yalipolikunja gari la baba darajani
na la Fermín lilikuwa limekufa injini.
Kulipopambazuka, kila mtu upande wake wa senyenge.

"Kumbe ile kola!" anasema Irma,
anacheka kama mtu aliyelipwa deni alilokwisha kulisamehe.
"Nililoweka mara tatu weusi ule usitoke.
Nilimnunia wiki nzima, maskini,
nikidhani ni wanja wa mwanamke."

Kesho afisa wa usajili ataniuliza niandike ipi,
ya injini au ya fremu.
Fomu ina kisanduku kimoja.
Nimeweka karatasi juu ya chuma, nimesugua penseli,
nyota mbili na kilicho katikati yake,
nimeikunja, nimeitia ndani ya kadi ya baba.
Bentancor ameshusha jeki.
Kuku amerudi kuatamia.